Kipimo Nacho Kipimwe

Mkulima wa karafuu anapofikisha gunia lake katika kituo cha ununuzi, iwe Wete au Mkoani, jicho lake haliko kwa karani wala kwenye daftari. Jicho lake liko kwenye mizani. Anajua kwamba jasho lake la miezi, tokea kupalilia hadi kuchuma na kuanika, litageuka fedha kwa kadiri mizani ile itakavyosema. Anajua pia kwamba mizani haisemi kweli kwa sababu tu ni ya chuma na ina mshale. Inasema kweli kwa sababu yuko mtu aliyeijaribu kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana, akaipiga muhuri, na akabeba dhamana ya kazi yake. Hakuna mwananchi wa visiwa hivi atakayekubali kwa hiari yake kuuza hata kilo moja ya karafuu kwa mizani isiyokaguliwa.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba kupunja vipimo si kosa dogo. Iko sura nzima katika Msahafu iliyopewa jina la wapunjao. Baadaye, tulipofika skuli, mwalimu wa sayansi alitufundisha jambo hilo hilo kwa njia yake: chombo cha kupimia ambacho hakijalinganishwa na chombo kilicho sahihi hakipimi, bali kinakisia. Leo tunapenda kuyaleta mafunzo hayo mawili mbele ya wasomaji wetu na mbele ya viongozi wetu, kwa sababu kuna vipimo vinavyoingia majumbani mwetu kimya kimya bila ya muhuri wa mtu yeyote, na vinachopima si karafuu, bali ni uhai wa binadamu.

Tunazungumzia saa za mkononi, pete na vifaa vya kubana kidoleni vinavyodaiwa kupima afya. Vifaa hivi vimejaa katika maduka yetu, vinatangazwa usiku na mchana katika simu, na vinakuja ndani ya mabegi ya jamaa zetu wanaotoka Maskati na Dubai. Mwanzo vilikuwa vikihesabu hatua tu. Kisha vikaanza kuhesabu mapigo ya moyo, usingizi, na kiasi cha oksijeni katika damu. Sasa vinadai kupima shindikizo la damu, yaani presha, na baadhi yake hata sukari, bila ya kumtoa mtu tone la damu.

Hatuandiki haya ili kuvipiga vita vifaa hivyo. Anayeipinga sayansi kwa kuwa ni ngeni hujidhulumu mwenyewe. Tunachosema ni kwamba sayansi haiji ndani ya kasha lenye picha nzuri. Sayansi ni kujaribu, kulinganisha na kuthibitisha, na kisicholinganishwa na kuthibitishwa ni bidhaa tu kama bidhaa nyengine.

Kwa nini tumeona ni lazima tuseme sasa? Mwaka jana mzee mmoja wa shehia yetu, mvuvi aliyekwisha kuacha bahari, aliletewa saa ya namna hii na mwanawe anayefanya kazi Uarabuni. Ilikuwa ni zawadi ya mapenzi, na mzee aliipokea kwa furaha. Kwa miaka mingi alikuwa akitumia vidonge vya presha kwa amri ya daktari. Saa ile ilimwonesha asubuhi na jioni namba nzuri kabisa, 118 juu na 76 chini, na siku zote haikwenda mbali na hapo. Baada ya wiki kadhaa mzee alijiambia kwamba maradhi yamekwisha. Aliviacha vidonge, na hakumwambia mtu.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, mdomo wake ulipinda na mkono wa kulia ukakataa kunyanyuka. Hospitalini alifungwa mkanda wa kupimia presha, na namba ya juu ilikuwa imepita 200. Saa yake, ambayo bado ilikuwa mkononi, iliendelea kuonesha 121 kwa 78. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mzee yuko hai, ingawa sasa anatembea kwa mkongojo na maneno yake yanatoka kwa taabu. Tulipokwenda kumjulia hali alitwambia jambo moja ambalo hatujalisahau: "Mwanangu, saa ilikuwa ikiniambia mimi mzima."

Wakati ule ule mjukuu wake, kijana wa skuli ya sekondari, alifanya jambo ambalo hakuna mkubwa aliyelifikiria. Alichukua ndizi ya mkono wa tembo kutoka jikoni, akaifunga saa ile, akasubiri. Saa ikasema kwamba ndizi ina mapigo 74 kwa dakika na presha ya 119 kwa 77. Waliokuwepo walicheka, kisha wakanyamaza. Jaribio la kijana yule lilichukua dakika moja na halikugharimu chochote, lakini ndilo jaribio la kwanza ambalo saa ile ilifanyiwa tangu ilipoingia nchini. Je, kazi hiyo ilikuwa ya kijana wa skuli?

Ili tuelewane, inafaa tueleze kwa ufupi namna vifaa hivi vinavyofanya kazi. Chini ya saa kuna taa ndogo, mara nyingi ya rangi ya kijani, inayomulika ngozi. Damu hunywa sehemu ya mwanga huo, na kila moyo unapopiga, kiasi cha damu kwenye mishipa midogo huongezeka na kupungua. Mwanga unaorudi nao hubadilika, na saa huyahesabu mabadiliko hayo. Kwa kazi ya kuhesabu mapigo, njia hii ina msingi wa kweli. Lakini mwanga huo haupimi nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, na hiyo nguvu ndiyo presha. Ili kuipata presha kutokana na mwanga, saa inalazimika kukisia kwa hesabu zilizoandikwa ndani yake. Kwa hivyo hata baadhi ya makampuni makubwa yenye saa za namna hii humtaka mtumiaji ailinganishe saa yake na mkanda wa kawaida kila baada ya wiki chache. Saa duni hazina haya hiyo. Zimeandikiwa kutoa namba, nazo hutoa namba, hata kwa ndizi.

Mkanda wa kufungwa mkononi na kujazwa hewa una historia ya zaidi ya karne moja. Mtaliana Scipione Riva-Rocci aliueleza mwaka 1896, na Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza mwaka 1905 njia ya kusikiliza sauti za mshipa. Pamoja na umri wote huo, mkanda wa umeme wa leo haukubaliwi kwa heshima ya wazee wake. Kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa iliyokubaliwa mwaka 2018, kila aina mpya hujaribiwa kwa watu wasiopungua 85, wenye presha za juu, za kati na za chini, huku wapimaji wawili waliofunzwa wakipima kwa njia ya zamani na kulinganisha. Wastani wa tofauti usizidi milimita 5 za zebaki, na tofauti hizo zisitawanyike kupita kiasi kilichowekwa. Aidha, mwaka 2022 jumuiya ya madaktari wa presha wa Ulaya ilitoa tamko kwamba vifaa visivyo na mkanda visitumiwe kugundua maradhi ya presha wala kuamua dawa, mpaka vipate majaribio yanayovifaa. Huo ndio msimamo wa wataalamu. Msimamo wa muuza duka ni mwengine kabisa.

Kuhusu sukari, mambo yako wazi zaidi. Mwezi wa Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake wasitumie saa wala pete inayodai kupima sukari bila ya kutoboa ngozi, na ikaeleza kwamba haijaidhinisha hata moja. Ieleweke kwamba viko vifaa halali vya kubandikwa mwilini vyenye kijisindano kidogo kinachoingia chini ya ngozi, na hivyo ni jambo jengine. Lakini saa inayodai kuisoma sukari kwa taa tu ni ulaghai, na mgonjwa anayejidunga insulini kwa kuifuata anaweza kupoteza fahamu au kupoteza maisha.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi watu wa visiwa hivi, na Waafrika wote, kuliko wengine. Kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kilitokana na ugunduzi wa mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974, na kimeokoa watu wengi mno katika vyumba vya upasuaji duniani. Ni chombo cha heshima. Kinamulika kidole kwa mwanga wa namna mbili na kulinganisha unavyonywewa na damu. Lakini kuna kitu chengine mwilini kinachonywa mwanga, nacho ni ile rangi ya asili inayoifanya ngozi iwe nyeusi. Ikiwa kifaa kimetengenezwa na kurekebishwa kwa kutumia watu weupe, hesabu yake kwa mtu mweusi inaweza kuwa na kosa.

Hili si dhana. Mwezi wa Disemba 2020, wakati maradhi ya korona yakiuma dunia nzima, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo ya kulinganisha kifaa hicho na kipimo cha damu yenyewe iliyotolewa katika mshipa. Walichukua vipimo ambavyo kifaa kilionesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, namba ambazo hazimtii hofu mtu. Kwa wagonjwa weupe, vipimo 99 kati ya 2,778, yaani asilimia 3.6, vilikuwa vya uongo, na damu ilikuwa na oksijeni chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa weusi vilikuwa 88 kati ya 749, yaani asilimia 11.7. Kosa lilikuwa mara tatu zaidi kwa mweusi, na lilikuwa kosa la upande mbaya, la kumwambia mtu anayekosa pumzi kwamba hana neno.

La kusikitisha zaidi ni kwamba habari hiyo haikuwa mpya. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikwisha kuonesha kwamba vifaa hivyo huzidisha namba kwa watu wenye ngozi nyeusi pale oksijeni inaposhuka. Hata hivyo, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliridhika na majaribio ya watu 10 tu, ambao kati yao wawili, au asilimia 15 iwapo hesabu hiyo ni kubwa zaidi, wawe na ngozi nyeusi. Ilikuwa ni mwezi wa Januari 2025 ndipo mamlaka ya huko ilipotoa rasimu ya mwongozo mpya inayopendekeza watu wasiopungua 150 wa rangi mbalimbali. Watu wawili walibeba dhamana ya ngozi zetu sote! Na hivyo ni vifaa vya hospitali, vilivyopita mbele ya mamlaka. Tujiulize basi, vile vinavyouzwa kwenye meza za barabarani vilijaribiwa kwa nani?

Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, pia cha Marekani, walichukua watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi na kuzijaribu saa kadhaa katika kazi ya kuhesabu mapigo ya moyo. Hawakukuta tofauti ya maana kati ya ngozi nyeusi na nyeupe. Walichokuta ni tofauti kati ya saa na saa, na tofauti kati ya mtu aliyetulia na mtu anayejishughulisha, kwani wakati wa shughuli kosa lilizidi kwa wastani wa asilimia 30. Mtu aliyezisikia habari za oksijeni angeweza kuapa kwamba saa zote zinatudhulumu. Mtu aliyeipenda saa yake angeweza kuapa kwamba zote ni sahihi. Wote wawili wangekosea. Hii ndiyo faida ya kupima: inaondoa viapo vya pande zote mbili.

Vivyo hivyo, mwaka 2017 watafiti wa Stanford walijaribu aina saba za vifaa vya mkononi kwa watu 60. Katika mapigo ya moyo, aina sita kati ya saba zilikuwa na kosa lisilofika asilimia 5. Katika kukadiria nguvu ambayo mwili umeitumia, hakuna hata moja iliyofaa. Iliyokuwa bora ilikosea kwa asilimia 27 na iliyokuwa mbaya kwa asilimia 93. Kwa hivyo ndani ya saa moja namba moja inaweza kuwa ya kuaminika na nyengine isiwe na thamani, na zote mbili zinaoneshwa kwa rangi nzuri ile ile.

Liko pia suala la manufaa, ambalo ni tofauti na suala la usahihi. Mizani inaweza kuwa sahihi lakini isimshibishe mtu. Katika jarabio kubwa lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Pittsburgh na kutangazwa mwaka 2016, vijana 471 wenye uzito mkubwa walifuatwa kwa miaka miwili. Wote walipewa ushauri wa chakula na mazoezi, na nusu yao walipewa vifaa vya kuvaa mkononi. Waliovaa vifaa walipungua wastani wa kilo 3.5, na wasiovaa walipungua kilo 5.9. Hakuna aliyetarajia matokeo hayo. Kwa upande mwengine, uchunguzi wa Stanford uliotangazwa mwaka 2019, uliohusisha watu 419,297 waliokuwa na saa za kampuni moja kubwa, ulionesha kwamba saa inaweza kumgutusha mtu mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hali ambayo huweza kuleta kiharusi. Waliopewa tahadhari walikuwa asilimia 0.52 tu. Kati ya waliorudisha kipimo cha kubandika kifuani baada ya hapo, asilimia 34 walionekana na hali hiyo. Lakini zingatieni kwamba tahadhari ile ilimfaa mtu kwa kuwa ilimpeleka kwa daktari. Saa yenyewe haikumtibu mtu.

Kutokana na hayo, tunatoa rai zifuatazo.

Kwanza, tunaiomba Serikali, kupitia Wizara ya Afya, Wakala wa Chakula na Dawa na Taasisi ya Viwango ya Zanzibar, iweke sharti jepesi na la wazi: kifaa chochote kinachodai kupima presha, oksijeni au sukari kisiuzwe kwa dai hilo mpaka muagizaji aoneshe karatasi za majaribio yaliyofanywa kwa mujibu wa kanuni zinazokubalika, zenye kuonesha wazi kuwa watu wenye ngozi nyeusi walikuwemo. Asiye na karatasi auze saa ya kuonesha wakati, na hatutamzuia. Katika hili vyombo vyetu vishirikiane na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania Bara, ili kisichoruhusiwa upande mmoja kisivuke bahari kupata soko upande wa pili.

Tunajua jibu litakalotolewa na wafanyabiashara. Watasema hizi si vifaa vya tiba, kwani ndani ya kasha imeandikwa kwamba kifaa si kwa matumizi ya tiba. Ni kweli imeandikwa, kwa herufi ndogo kama chawa na kwa lugha ambayo mzee wetu hakuisoma, wakati juu ya kasha umechorwa moyo mwekundu na namba za presha zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Je, tungemkubalia muuza mizani anayeandika chini ya sahani kwamba mizani hii si kwa matumizi ya kupimia?

Pili, tunapendekeza majaribio yafanyike hapa hapa nyumbani. Watu 85 si wengi. Ni wachache kuliko wanaohudhuria sala ya Ijumaa katika msikiti mmoja wa mtaa. Tunazo hospitali Unguja na Pemba, tunao madaktari na wauguzi, na tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar chenye skuli ya afya na wanafunzi wanaohitaji kazi za utafiti. Zichukuliwe saa na vifaa vya kidoleni vinavyouzwa zaidi katika masoko yetu, vipimwe sambamba na vipimo vya hospitali, kwa wazee na vijana, wavuvi wanaoungua na jua na makarani wanaokaa kivulini, na kinamama waliopaka hina na piko vidoleni. Hali hizo za kwetu, asipozipima mwenyeji, tusitarajie kwamba mgeni atatupimia. Gharama zitolewe na waagizaji, kwani wao ndio wanaopata faida.

Tatu, matokeo yasifungiwe makabatini. Yatangazwe kwa Kiswahili chepesi katika gazeti, katika redio na katika mbao za matangazo za vituo vya afya, kwa kutaja aina ya kifaa na kilichoonekana, kizuri na kibaya. Mwananchi akijua, hatahitaji kulindwa kila siku. Na masheha na viongozi wa matawi ya Chama, ambao ndio walio karibu na wananchi, waifanye habari hii kuwa ajenda katika mikutano yao, kama wanavyofanya kwa usafi na kwa chanjo.

Nne, tunawageukia wananchi wenzetu. Mtu asiache wala asipunguze dawa ya presha au ya sukari kwa sababu ya namba iliyooneshwa na saa. Mwenye kuhisi pumzi inambana, au midomo inabadilika rangi, au kifua kinauma, aende kituo cha afya hata kama kidole kinamwambia asilimia 97. Kadhalika, saa ikimtahadharisha mtu juu ya mapigo ya moyo wake, asiidharau na asiingiwe na kiwewe, bali aende akapimwe. Mwenye kujipima presha nyumbani atumie mkanda wa mkono wa juu. Akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo, asizungumze, apime mara mbili, aandike namba kwenye daftari, na alichukue daftari hilo kwa daktari wake. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari, na afya ni mali.

Tano, kwa watoto wetu walioko ughaibuni, tunawaomba jambo moja kwa mapenzi. Mnapotaka kumtumia mzazi kitu cha afya yake, muacheni muuzaji na mapambo yake. Ulizeni kwanza iwapo kifaa kimejaribiwa, na mkitaka cha presha nunueni mkanda uliothibitishwa. Hautang'ara mkononi kama saa. Kijana wa yule mzee wetu alitumia mshahara wake kwa nia safi, na leo anaishi na jambo ambalo hakulikusudia. Hakuna anayemlaumu. Lakini asingefika hapo kama pangekuwa na mtu bandarini, uwanja wa ndege au dukani aliyepewa kazi ya kuuliza swali moja tu: kipimo hiki, nani amekipima?

Tangu Mapinduzi ya 1964 tumeishikilia imani kwamba afya ni haki ya kila mwananchi na si bidhaa ya wenye nacho. Haki hiyo ina sehemu ambayo hatukuizoea kuitaja, nayo ni haki ya kuambiwa ukweli juu ya mwili wako mwenyewe. Maskini anayedanganywa na saa ya bei rahisi anadhulumiwa mara mbili, kwani hutoa fedha yake kidogo aliyonayo, kisha hutoa na uzima wake. Wakati wa zamani mlanguzi alikuwa akificha mchele ghalani. Mlanguzi wa leo anaficha ukweli ndani ya kioo kidogo kinachowaka.

Msimu wa karafuu ukifika, mizani itakaguliwa kabla ya gunia la kwanza kuwekwa juu yake, na mkulima atadai hivyo kwa sauti kubwa. Tunawataka wananchi wadai hivyo hivyo kwa ajili ya mioyo yao, na tunawataka wahusika wasisubiri kudaiwa. Mzee wetu anakwenda mazoezini kila Jumatatu na Alhamisi, akijifunza upya kufunga kifungo cha shati. Kila siku inayopita bila ya ukaguzi kuanza, saa kama ile iliyomdanganya inafungwa mkononi mwa mtu mwengine.